Rhapta na tope la Kilombero

Mji wa kwanza wa pwani yetu kuingia vitabuni haujulikani ulipo. Jina lake ni Rhapta. Katikati ya karne ya 1 mfanyabiashara mmoja kutoka Misri, ambaye hakuona haja ya kutuachia jina lake, aliandika kwa Kigiriki kitabu kidogo cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Wasomi hukiita Periplus. Kwa upande huu, ambao wao waliuita Azania, kituo chake cha mwisho ni Rhapta. Anasema kulikuwa na pembe za ndovu kwa wingi, pembe za faru na magamba ya ng'amba, watu wenye miili mikubwa, na mashua zilizoshonwa kwa kamba ambazo ndizo zilizoupa mji jina. Yapata miaka mia moja baadaye Ptolemeo wa Iskandaria akautaja tena, safari hii kama mji mkuu, ulio ndani kidogo kutoka baharini, jirani na mto. Baada ya hapo ni kimya.

Wapo wanaouweka Pangani, wapo wanaouweka karibu na Dar es Salaam, na wapo wanaouweka kwenye delta ya Rufiji. Msomaji wa Ifakara ana sababu ya kuiangalia zaidi hiyo ya mwisho. Haijashinda hoja, tuseme hilo mapema. Lakini delta ile ni kazi ya mto wetu. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Kila masika maji ya Udzungwa na ya milima ya Mahenge hushuka bondeni, huyafunika majaruba ya mpunga, huyageuza malisho ya sheshe kuwa ziwa, kisha hujivuta polepole kuelekea Shuguri, yanakokutana na Luwegu. Kuanzia hapo mto unaitwa Rufiji. Na mto haubebi maji matupu. Kama Rhapta ilikuwa delta, basi tope lililoifukia lilipita hapa kwetu kwanza.

Ndiyo maana toleo hili la jarida letu, la maajabu yaliyopotea, linaloandaliwa Katindiuka hapa Ifakara na si kwenye ofisi yenye madirisha ya kuitazama bahari, tumelianzia mtoni. Tungeweza kuanzia kwa Mafarao. Ingekuwa rahisi, na picha zingekuwa nzuri zaidi.

Ukitaja maajabu ya kale, aliyepita darasani ataanza kuhesabu saba na atakwama kwenye la nne au la tano. Orodha ile ni ya Wagiriki. Waliitunga kwa kadiri ya safari zao na masikio yao, na kwa hiyo maajabu yote saba yako mashariki ya Mediterania, Misri na Mesopotamia. Mji wa Meroe, kusini mwa Misri, haumo, ingawa habari zake walikuwa nazo. Kati ya saba limebaki moja tu, Piramidi Kuu ya Giza. Sanamu kubwa la shaba la Rhodes lilisimama miaka hamsini na kitu tu kabla ya tetemeko kuliangusha, mwaka 226 kabla ya Kristo, likalala pale pale kwa karne nyingi kuliko lilivyowahi kusimama. Inasimuliwa kwamba mwishowe liliuzwa kama vyuma chakavu na kubebwa na ngamia 900. Hesabu hiyo ya ngamia mimi sitaitolea ushahidi mahakamani.

Lililo na somo kwetu ni bustani za Babeli. Kila aliyesikia Kitabu cha Danieli kanisani anamjua Nebukadneza, na huyo ndiye anayetajwa kuwa mjenzi, eti kumliwaza mkewe aliyekuwa na hamu ya milima ya kwao. Herodoto aliandika kwa kirefu juu ya Babeli, akazipima kuta zake kwa maneno hadi msomaji achoke, lakini bustani hakuzitaja. Mjerumani Robert Koldewey alichimba magofu ya mji huo kuanzia 1899 hadi 1917. Alikuta vyumba vyenye matao akadhani amezipata. Waliomfuatia wengi wakaviona ni maghala. Mwaka 2013 Stephanie Dalley wa Oxford akatoa kitabu chenye hoja kwamba bustani hazikuwa Babeli kabisa, zilikuwa Ninawi, na mjenzi ni Senakeribu, yule yule aliyeitisha Yerusalemu. Si wote waliomkubalia. Kwa hiyo ajabu mojawapo mashuhuri kuliko yote duniani halina hata tofali moja ambalo wataalamu wote wanalikubali, na hakuna aliyethubutu kulifuta kwenye orodha.

Babeli inapewa nafasi ya kuwa na shaka na bado ikaheshimiwa. Bonde la Kilombero halipewi nafasi hiyo. Kwetu pasipo na ukuta husemwa hapakuwa na watu, na hoja yangu katika toleo hili inaanzia hapo: kukosekana kwa magofu katika nchi ya udongo, miti na mafuriko si ushahidi wa chochote, na anayeitafuta historia ya mto huu kwa kutafuta mawe amekosea kabla hajaanza kuchimba.

Tazama nyumba ya hapa bondeni inavyokufa. Chukua nyumba ya miti na udongo, paa la nyasi, ambayo mwenyewe ameihama baada ya Mto Lumemo kufurika na kwenda kujenga penye mwinuko. Masika ya kwanza nyasi zinaoza na paa linafunguka upande unaopigwa na mvua. Maji yakishapata njia juu ya ukuta, udongo uliokandikwa unaanza kuchuruzika, na fito zinabaki wazi kama mbavu. Mchwa wanaanza na nguzo kutokea chini. Mti mgumu unawachelewesha kidogo, mti laini haumalizi mwaka. Paa likianguka linaanguka ndani, linaoza na kuwa mbolea, na mahali hapo panaota magugu yenye afya kuliko jirani zake. Mzee anayelijua bonde atakuonyesha palipokuwa na nyumba kwa kuangalia rangi ya majani. Baada ya misimu michache ni kichuguu cha chini ambacho jembe linakisawazisha. Mafuriko yanayofuata yanatandika juu yake tabaka jembamba la tope, na la mwaka mwingine juu ya hilo. Ukichimba utakuta mafiga, vigae vya chungu, pengine jiwe la kusagia, na doa jeusi la majivu. Basi. Kaya ya watu tisa iliyoishi hapo miaka ishirini, ikaoza, ikazaa, ikazika, inaingia kwenye karai moja.

Sasa zizidishe nyumba hizo ziwe elfu, uzipeleke delta, uzipe miaka 1,900 ya mikoko, ya mikondo inayohama na ya tope letu. Mtafutaji mwenye picha ya nguzo za marumaru kichwani atasimama katikati ya mji na kuuliza mji uko wapi.

Na asidhani mtu kwamba hili ni la kwetu wa bara peke yetu. Kilwa leo tunaijua kwa mawe yake, Husuni Kubwa na msikiti mkuu, na kwa mawe hayo imekuwamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri, akaandika kwamba umejengwa kwa miti. Mji aliousifu na mji tunaoutembelea ni sehemu mbili za mji mmoja, na ile kubwa zaidi, waliyoishi watu wengi zaidi, ndiyo iliyooza.

Ushahidi wa Rhapta wenyewe ni mwembamba, na afadhali tuupime hadharani. Periplus imetufikia kwa nakala ya karne ya 10 inayotunzwa Heidelberg, Ujerumani. Kati ya mwandishi na mnakili huyo kuna takriban miaka 900. Ptolemeo hakufika huku. Alimtegemea Marinus wa Tiro, naye Marinus alikuwa na habari za baharia Diogenes, ambaye akitoka India alisukumwa na upepo wa kaskazini siku 25 mpaka jirani na Rhapta. Hizo ni habari za aliyesikia kwa aliyesikia kwa aliyepotea njia. Mwanakijiji wa Ifakara akiniletea simulizi ya ukoo wake yenye mnyororo mfupi kuliko huo, nitaona aibu kumwambia kwamba simulizi si historia.

Ardhini, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miaka mingi kuchimba Rufiji, Mafia na visiwa vya jirani. Mwaka 1999 alichapisha habari za shanga za kioo zilizopatikana upande wa Rufiji, akizihusisha na dunia ya Warumi. Wapo waliotilia shaka. Mwaka 2016 zikaenea picha za mawe yaliyo chini ya bahari karibu na Mafia, yamejipanga mfano wa ukuta, na vichwa vya habari vikaitangaza Rhapta kuwa imepatikana. Mwamba wa ufukweni una tabia ya kupasuka wenyewe kwa mistari iliyonyooka na kufanya miraba. Na hata kama ule ni ukuta, picha si uchimbaji.

Kinachonivutia mimi katika kazi ya Chami na wenzake si Roma. Ni kwamba pwani hii na nyika zake zilikuwa na wakulima, wafinyanzi na wafua chuma katika karne zile zile za mwanzo ambazo Wagiriki wanazizungumzia. Vigae vya vyungu vyao vipo, na mabaki ya chuma walichoyeyusha yapo. Shanga moja ya ng'ambo hupata ukurasa wa mbele. Tanuru la mfua chuma hupata tanbihi. Katika jarida hili tumeamua kupindua mpangilio huo, na atakayelalamika atuandikie.

Mashua pia zimeoza. Zile zilizoshonwa, ambazo wazee wa pwani waliziita mtepe, zilikuwa za mbao zilizotobolewa kingoni na kukazwa kwa kamba za kumbi la nazi, kila tundu likazibwa baada ya kamba kupita, na tanga likiwa la mkeka. Hakuna msumari. Chombo cha namna hiyo hujipinda na wimbi bila kupasuka, hupandishwa mchangani bila kuumia, na kamba zikichakaa hufunguliwa na kushonwa upya. Kikifa hakiachi chuma cha kutu chini ya bahari. Mtepe ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miaka mingi aliyetaka kuona mfano wake alikwenda Unguja, kwenye ua wa Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka na kuua watu wawili. Lilikuwa la mawe, nguzo za chuma na kila kitu.

Turudi juu ya mto. Mwandishi wa Periplus aliziona pembe za ndovu bandarini, akaandika hata kwamba ubora wake ni wa chini kuliko zile za bandari ya Adulis. Alijua majahazi ya Waarabu wa bandari ya Muza, mikuki na mashoka waliyoleta, na ngano na mvinyo waliyotoa ili kujipatia urafiki. Aliwataja manahodha waliooa huko na kujua lugha ya wenyeji. Aliyemuua tembo hakumtaja, na aliyebeba pembe kutoka porini hakumtaja. Hakuna andiko linalosema pembe zile zilitoka Kilombero, nami sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba bandari ni mdomo wa nchi fulani, na kwa miaka 2,000 tumekuwa tukiutafuta mdomo bila kuuliza tumbo liko wapi. Biashara yenyewe haijazeeka. Hesabu ya tembo ya mwaka 1976 katika Selous na mapori yanayoizunguka, ambayo bonde letu linapakana nayo, ilizidi 100,000. Ya mwaka 2013 ilikuta takriban 13,000. Mara hii pia bandari zinajulikana.

Najua hatari ya upande wa pili. Kuna wanaume wa kijiweni, na siku hizi wa kwenye simu, ambao ukiwapa shanga moja wanakujengea dola. Rhapta ni yetu, Warumi walitoza kodi Mahenge, na ukiwaacha waendelee Malkia wa Sheba ataoga Lumemo. Ni watu wenye kiu halali, maana wamechoka kuambiwa hapakuwa na kitu. Lakini anayesema kila kitu kilikuwapo na anayesema hapakuwa na kitu wanafanana katika jambo moja: wote wawili hawana haja ya kuchimba. Mwandishi wa jarida hili ana haja. Kwa hiyo sharti letu ni kwamba shaka iandikwe waziwazi, mahali pake, kwa maneno ya kawaida, na isifichwe nyuma ya "inasemekana" ambayo haimtaji msemaji.

Hata sheria yetu ina macho ya pwani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Milango ya kuchongwa ikaongezewa muda: ukichongwa kabla ya 1940, umelindwa. Siichukii milango. Lakini mtunga sheria aliyeufikiria mlango wa pwani akausogezea mwaka, hakufikiria mtumbwi wa Mndamba uliochongwa kutokana na gogo moja, wala uwanja ambao mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, watu wa bonde hili walikusanyika kabla ya kwenda kulishambulia boma la Wajerumani Mahenge, tarehe 30 Agosti. Hivyo vinasubiri tangazo la waziri, na waziri hasubiriwi na mchwa.

Mfano wa namna ya kufanya kazi hii tunao, na ni wa hapa nchini. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji. Walioiona vita wakiwa vijana walikuwa bado hai, wazee wa miaka sabini na themanini. Kabla ya hapo vita ile ilikuwa hasa ya maafisa wa Kijerumani na wamisionari, kwa sababu wao ndio walioandika. Mradi ule ulichelewa kidogo na ukawahi kidogo: ukingoja miaka kumi zaidi haukuti mtu. Bondeni kwetu hata kabla yake kulikuwa na Ubena of the Rivers, kitabu cha mwaka 1935 cha A. T. na G. M. Culwick, ambamo Mtema Towegale Kiwanga alipewa sura yake aieleze historia ya watu wake. Ni historia ya watawala, kama ilivyotarajiwa, na ya upande uliosimama na serikali. Imeandikwa hata hivyo, na msimuliaji wake anajulikana kwa jina, kwa hiyo tunaweza kubishana naye. Yule bwana wa Periplus hakutupa nafasi hiyo.

Haraka yetu ina sababu nyingine. Desemba 2022 maji ya Kilombero yalianza kulijaza Bwawa la Julius Nyerere, mtambo wa megawati 2,115 ambao nchi iliungoja tangu enzi za Mwalimu. Umeme tunautaka, nami ninaandika haya kwa taa. Ila bwawa linashika tope pamoja na maji. Limefunika zaidi ya kilomita za mraba 900, na chochote kilichokuwa ndani ya ardhi ile sasa kiko chini ya kina ambacho hakuna jembe litakalokifikia. Kwa upande wa chini, delta inayonyimwa tope huanza kuliwa na bahari. Baada ya karne nyingi za kufukia, mto umebadilishiwa kazi. Huenda mawimbi yakaanza kufukua, na yanayofukua ndiyo yatakayosaga. Waakiolojia wanaoipenda delta wana miaka hii, si ile ya wajukuu wao.

Katika kurasa zinazofuata msomaji atakuta Babeli na Rhodes, maana mtoto wa shule naye ana haki yake. Atakuta Engaruka na mifereji yake iliyoachwa, Gedi iliyomezwa na msitu, Kilwa na tarehe za masultani wake, ambazo maandishi ya Kiarabu na yale ya Mreno João de Barros hayapatani juu yake. Sehemu kubwa, hata hivyo, ni ya huku bondeni, na haina picha nyingi za kupendeza.

Anayetaka kutuletea kitu kwa toleo lijalo asikioshe. Kigae kilichooshwa kimepoteza masizi ya chakula, na masizi ndiyo yenye habari. Aandike kilitoka shamba gani, mto upi uko karibu, kilikuwa kina cha urefu gani, na nini kilikuwa juu yake: tope jeusi, mchanga, au majivu. Bora zaidi asikitoe kabisa, apige picha akiwa ameweka sarafu ya shilingi mia mbili pembeni ili tujue ukubwa, kisha atoe taarifa kwa ofisi ya kijiji au mtaa, kwa sababu kukichukua ni kosa mbele ya sheria ile ile niliyoilalamikia. Simulizi ije na jina la msimuliaji kama ameridhia, na jina la aliyemsimulia yeye. Tumeanza kwa kuwaomba wafyatua tofali wa Katindiuka, ambao kila kiangazi huchimba kwa kina kuliko mtu mwingine yeyote katika mji huu, na hawajawahi kuulizwa wameona nini.